Umeme huchoma hata bila kumgusa mtu

Neno HATARI mlangoni halitoshi. Anayevuta swichi anahitaji kuambiwa aanze kuzima nini, asimame wapi na avae nguo gani.

KILA mkazi wa mjini anakijua kile kibao chenye picha ya fuvu la kichwa na neno HATARI. Kimepigiliwa kwenye nguzo zenye transfoma, kwenye milango ya vyumba vya stima na kwenye nyua za vituo vya umeme, kuanzia Mombasa hadi Malaba. Ujumbe wake ni mmoja tu: usiguse. Nasi tumelelewa tukiamini kwamba asiyegusa waya hana la kuogopa.

Kwa mpita njia, ushauri huo unatosha. Lakini wako watu ambao kazi yao ni kugusa. Ni yule kijana anayewasha na kuzima kinu cha posho, bawabu anayebadilisha kutoka stima ya kampuni hadi ya jenereta usiku wa manane, mhudumu wa pampu ya maji hotelini, mchomeaji vyuma wa jua kali, na fundi aliyeitwa kutazama kwa nini fezi moja haina moto. Watu hawa huvuta mkono wa swichi kubwa mara kadha kwa siku. Kibao cha fuvu hakiwaambii jambo lolote wasilolijua. Isitoshe, liko jeraha baya la umeme ambalo humpata mtu kabla hajagusa waya wowote. Jeraha hilo ndilo tunalolizungumzia wiki hii.

MOTO UNAORUKA HEWANI

Kwa kawaida umeme hupita ndani ya chuma, nayo hewa huuzuia usitoke. Lakini vyuma viwili vyenye umeme vikikaribiana mno, au vumbi na unyevu vikijenga daraja kati yavyo, au bisibisi ikianguka ndani ya sanduku, umeme huruka hewani. Aliyewahi kusimama karibu na mchomeaji vyuma ameuona umeme wa namna hiyo: ule mwanga mkali wa samawati unaoumiza macho. Tofauti ni kwamba mashine ya kuchomea imeundwa kuidhibiti nguvu hiyo. Ndani ya sanduku la swichi hakuna cha kuidhibiti, na nguvu ya transfoma iliyo nje humiminika pale pale.

Mafundi wengi husema tu kwamba kumetokea shoti, au kwamba swichi imelipuka. Sisi tutauita mmweko wa umeme. Katikati yake joto laweza kufikia nyuzi 19,000 za sentigredi, ilhali uso wa jua una nyuzi kama 5,500. Shaba inapogeuka mvuke katika joto hilo hupanuka kiasi cha mara 67,000. Ndiyo sababu husikika kishindo, mlango wa sanduku hufumuka, na vitone vya shaba iliyoyeyuka hurushwa kumwelekea aliyesimama mbele. Yote hayo hutokea kabla mtu hajapata nafasi ya kurudi nyuma hatua moja.

Kishindo chenyewe chaweza kuleta msiba kwa njia isiyotarajiwa. Alfajiri ya Aprili 12, 2015, hitilafu ya umeme ililipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Zilikuwa zimepita siku 10 tu tangu shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakakimbia ovyo na wengine wakaruka kutoka madirishani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa.

Wengi hudhani kwamba stima ya kawaida haina nguvu kiasi hicho. Hesabu inasema vingine. Nyumba zetu hupata volti 240, na mashine za fezi tatu hupata volti 415. Chukua transfoma ya kVA 200 inayolisha kituo cha biashara. Ikibeba mzigo wake wote, kila waya hupitisha ampea kama 280. Shoti ikitokea karibu nayo, mkondo waweza kupanda hadi ampea 6,000 au 7,000. Volti hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni mkondo, na mkondo ndio unaolisha moto.

KINU CHA POSHO MPAKANI

Adungosi ni kituo cha biashara katika eneo la Teso Kusini, kaunti ya Busia, kwenye barabara inayounganisha miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba. Sehemu hii ya nchi ina historia ndefu na umeme. Mwaka wa 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja, iliundwa kampuni maalum ya kujenga laini kubwa kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, hadi Nairobi. Tangu mpango wa Last Mile ulipoanzishwa mwaka wa 2015, nyaya zimezidi kusambazwa katika vituo vidogo vya biashara nchini, na pamoja nazo zimekuja injini za umeme, mafriji makubwa, mashine za kuchomea na pampu.

Hebu tukichukue kinu cha posho kama mfano, maana hakuna soko lisilo nacho. Wateja husimama na magorogoro yao ya mahindi, mihogo mikavu, mtama au wimbi. Ukutani kuna sanduku la chuma lenye mkono ubavuni. Ndani yake mna fyuzi tatu. Juu yake, ndani yake na nyuma yake kumejaa unga.

Unga huo si uchafu wa kawaida. Vumbi la nafaka hunyonya unyevu wa hewa, na katika eneo lenye mvua nyingi kama Busia, unga uliolowa ndani ya sanduku unaweza kuupitisha umeme kidogo kidogo kutoka fezi moja hadi nyingine, hadi siku utakaporuka wote kwa pamoja. Vumbi likiwa jingi hewani, lenyewe laweza kushika moto. Panya huja kufuata unga, na mijusi huja kufuata wadudu. Kila kiumbe anayeingia sandukuni ni daraja la umeme. Jambo hili halitokei sokoni pekee. Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na nchi nzima ya Kenya ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alinusurika.

FYUZI YA WAYA

Liko kosa moja linalogeuza hitilafu ndogo kuwa janga. Fyuzi inapoungua na mwenye kinu hana nyingine, huchukua kipande cha waya wa shaba akakifunga mahali pake. Kinu huanza kuunguruma tena na wateja husagiwa. Watu hufurahi kwamba sasa stima "haikatiki ovyo".

Ukweli ni kwamba fyuzi ndiye mlinzi wa pekee anayeweza kuufupisha mmweko. Joto linalomfikia mtu hutegemea mambo matatu: ukubwa wa mkondo, umbali wake kutoka kwenye moto, na muda ambao moto unaendelea kuwaka. Mmweko unaokatwa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde hutoa sehemu moja ya kumi tu ya joto ambalo ungetoa kwa sekunde nzima. Fyuzi ya kiasi kinachofaa huukata mapema. Waya mnene wa shaba huuacha uendelee kuchoma hadi kitu kingine kikubwa zaidi kikatike huko nje, pengine kwenye transfoma yenyewe.

Kwa hivyo, mtu anayefunga waya mahali pa fyuzi hajajiondolea usumbufu. Amechagua kwamba siku swichi itakapolipuka, atakayekuwa mbele yake aungue kwa sekunde nzima au mbili badala ya kuponea chupuchupu.

MWILI HUPATA NINI

Jeraha la kwanza ni la kuungua. Uso, shingo na mikono ndivyo huathirika zaidi, kwa kuwa ndivyo vilivyo mbele na ndivyo visivyofunikwa. Nguo zikishika moto, kuungua huenea kifuani na tumboni, na hapo ndipo hatari ya kifo huongezeka. Mara nyingi si mmweko wenyewe unaoua. Ni shati linaloendelea kuwaka baada ya mmweko kwisha.

La pili ni macho. Mwanga ule huunguza ngozi nyembamba ya jicho. Saa chache baadaye mtu huhisi kama ametiwa mchanga machoni, kama wanavyohisi wachomeaji wasiotumia miwani. Vitone vya shaba vyaweza kutoboa jicho kabisa.

La tatu ni masikio. Kishindo cha karibu chaweza kupasua kiwambo cha sikio.

La nne, na watu wengi hawalifikirii, ni mapafu. Anayeshtuka huvuta pumzi, na wakati huo hewa iliyo mbele yake ni moshi wa moto uliochanganyika na mvuke wa shaba. Koo huvimba taratibu. Mtu anayeongea vizuri saa mbili asubuhi aweza kushindwa kupumua kufikia adhuhuri.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kwamba kuungua kwa aina zote huua watu wapatao 180,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Wanaonusurika hukaa hospitalini kwa majuma au miezi, na wengi hurudi nyumbani na vidole visivyokunjika. Kwa anayeishi kwa kazi ya mikono, hilo ni pigo la maisha.

NAMNA YA KUVUTA SWICHI

Kwanza ni lazima kujua kwamba swichi hazifanani. Zipo zilizotengenezwa kukata mkondo ukiwa unapita. Zipo nyingine zilizotengenezwa kutenganisha tu, yaani kufunguliwa wakati hakuna mkondo unaopita, ili fundi afanye kazi akiwa na hakika kwamba njia imekatika. Swichi ya namna hii ya pili ikivutwa huku injini inazunguka na mahindi yamejaa kinuni, umeme hukataa kuachia. Huvutika kama ulimi wa moto kati ya vyuma vinavyoachana. Hapo mmweko umeanza.

Kwa sababu hiyo utaratibu ni huu. Acha kinu kimalize kilicho ndani. Zima injini kwa kitufe chake. Zima sakiti breka, ikiwa ipo. Ndipo uvute swichi kubwa. Wakati wa kuwasha, fuata njia hiyo kinyume: swichi kubwa kwanza, injini mwisho.

Pili, mlango wa sanduku uwe umefungwa na kukazwa kila mara swichi inapovutwa. Kamwe usivute swichi mlango ukiwa wazi ili "uone kama imeshika".

Tatu, usisimame mbele. Simama ubavuni, upande ulio na mkono wa swichi, mwili ukiwa karibu na ukuta. Mkono wa swichi ukiwa kulia kwa sanduku, kama ilivyo kwa swichi nyingi, simama kulia na utumie mkono wako wa kushoto. Geuza uso upande mwingine, vuta pumzi uishikilie, kisha usukume au uvute mara moja kwa nguvu, bila kusitasita. Wazee wetu walitufunza kwamba mkono wa kushoto haufai kumpa mtu kitu. Mbele ya swichi, mkono wa kushoto ndio wa adabu, kwa sababu mwili mzima hubaki nje ya njia ya moto.

Nne, swichi ikikatika yenyewe, usiirudishe mara moja. Imekatika kwa sababu. Kuirudisha bila kujua sababu ni kuulisha moto mara ya pili.

Tano, kufungua sanduku si kazi ya mwendeshaji kinu. Ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Naye anapofungua anatakiwa awe amekata umeme kutoka swichi iliyo juu ya hiyo, akaifunga kwa kufuli, akaweka kadi yenye jina lake, na ufunguo ukawa mfukoni mwake. Kisha apime kwa mita nzuri kwamba kweli hakuna umeme. Ile testa ya bisibisi inayowaka taa haitoshi kuuamini uhai wa mtu. Na swichi au fyuzi zilizo juu ya nguzo, zenye volti 11,000 au 33,000, ni za wafanyakazi wa Kenya Power peke yao. Mtu mwingine asijaribu kuzigusa kwa kijiti, hata kikiwa kikavu namna gani. Hitilafu ya huko huripotiwa kwa nambari 97771.

KIBAO KINACHOSEMA

Kwa miaka mingi hata wataalamu walishughulikia zaidi kupigwa na umeme kuliko kuunguzwa nao. Mwaka wa 1982 mhandisi Mmarekani, Ralph Lee, alichapisha utafiti ulioonyesha jinsi ya kukadiria joto la mmweko na umbali unaoweza kumuunguza mtu. Kabla yake Alice Stoll, mtafiti wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alikuwa amepima ni joto kiasi gani ngozi ya binadamu inaweza kustahimili kabla ya kutoa malengelenge. Kutokana na kazi hizo, wahandisi hutumia kipimo cha kalori 1.2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Zaidi ya hapo, ngozi hutoa malengelenge. Ukitaka kukisia, kalori moja ni karibu sawa na kuweka ncha ya kidole kwenye mwali wa kiberiti cha gesi kwa sekunde moja. Mmweko mkubwa waweza kutoa kalori 40 na zaidi.

Kanuni za Marekani za usalama wa umeme kazini, NFPA 70E, zilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1979, na toleo la 1995 ndilo lililoanza kuzungumzia mmweko. Mwaka wa 2002 kanuni za uwekaji umeme za nchi hiyo zikadai kwamba masanduku ya umeme viwandani na katika majengo ya biashara yawe na kibao cha kuonya kuhusu mmweko. Mwaka huo huo ikatolewa njia ya kuhesabu joto hilo, IEEE 1584, ambayo ilirekebishwa mwaka wa 2018. Kanuni hizo si sheria ya Kenya, lakini mmweko hauna uraia.

Kibao cha namna hiyo hutofautiana na cha fuvu kwa kuwa kinataja kiasi. Mfano wake ni kama huu: Volti 415. Mpaka wa mmweko sentimita 120. Joto kalori 5.8 ukiwa sentimita 45. Vaa nguo za kalori 8. Maana yake ni kwamba asiyevaa kinga asivuke mpaka wa sentimita 120 wakati swichi inapovutwa au sanduku linapofunguliwa. Anayefanya kazi uso na kifua vikiwa sentimita 45 kutoka kwenye vyuma anaweza kupata kalori 5.8, na nguo zake ziwe zimepimwa kuhimili kalori 8.

Takwimu hizo hazikisiwi. Mhandisi huzihesabu kwa kujua ukubwa wa transfoma, urefu na unene wa nyaya, na aina ya fyuzi. Fyuzi ikibadilishwa, kibao kimekwisha kazi. Na kinyume na wanavyodhani wengi, sanduku lililo mbali na transfoma laweza kuwa hatari kuliko la karibu. Mkondo wa shoti ukiwa mdogo, fyuzi huchelewa kukatika, na moto huwaka muda mrefu zaidi.

Viwanda vikubwa, kama vile vya sukari, vina uwezo wa kuajiri mhandisi wa kufanya hesabu hizo. Mwenye kinu Adungosi je? Hata akikosa kalori, aweza kumwomba fundi mwenye leseni amsaidie kuandika kibao chenye manufaa kuliko fuvu. Kwa mfano: ZIMA INJINI KWANZA. FUNGA MLANGO. SIMAMA UBAVUNI. WATEJA WAKAE MITA TATU NYUMA. USIFUNGUE SANDUKU. SWICHI YA JUU IKO MAHALI FULANI. FYUZI NI ZA AMPEA KADHA, SI WAYA. Kiandikwe kwa Kiswahili, na hata kwa Kiteso, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. Mstari unaotaja mahali ilipo swichi ya juu ni wa thamani kubwa, kwa kuwa siku ya moshi hakuna wakati wa kuitafuta.

NGUO ZA KAZI

Sasa tuje kwenye mavazi. Masoko ya Busia na Malaba yamejaa mitumba, na watu wengi hununua ovaroli au shati la kazi kwa kutazama bei na rangi. Kwa mtu wa swichi, jambo la kutazama kwanza ni kitambaa.

Nailoni, poliesta na akriliki huyeyuka. Kitambaa kilichoyeyuka hushikamana na ngozi na kuendelea kuichoma, na daktari hulazimika kukiondoa pamoja na ngozi yenyewe. Hii ni pamoja na jezi za timu za kandanda, soksi nyembamba, na nguo za ndani za kunyumbulika. Ovaroli nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, nazo si salama.

Pamba tupu haiyeyuki, na hilo ni jema. Hata hivyo pamba ya kawaida hushika moto na kuendelea kuwaka. Ni bora kuliko nailoni, lakini si kinga dhidi ya mmweko. Sufu huwaka kwa shida zaidi.

Nguo za kinga hasa ni zile zilizopimwa katika maabara kwa mmweko wenyewe. Kitambaa chake hakiendelei kuwaka moto ukiondoka. Ndani ya kola au ubavuni huwa na lebo inayotaja kalori, au alama ya kipimo cha kimataifa cha IEC 61482. Kanuni za Marekani huziweka katika daraja nne: kalori 4, 8, 25 na 40. Daraja mbili za kwanza ni shati la mikono mirefu na suruali, au ovaroli, pamoja na ngao ya uso. Daraja mbili za juu ni suti nzito yenye kofia inayofunika kichwa na shingo yote.

Ovaroli ya mtumba ambayo lebo yake imeng'olewa au kufutika, ihesabu kuwa nguo ya kawaida, hata muuzaji akiapa. Na nguo ya kinga usiifue kwa jiki wala dawa ya kulainisha nguo, maana hizo huiharibu au huacha utando unaoshika moto. Ikilowa grisi au mafuta, nayo pia huwaka. Iliyotoboka haifai.

Mbali na nguo, fundi anahitaji kofia ngumu, ngao ya uso yenye lebo ya kalori, miwani chini yake, viziba masikio, buti za ngozi, na glavu za mpira zinazozuia umeme zikiwa zimefunikwa kwa glavu za ngozi. Miwani ya kuchomea vyuma si badala ya ngao ya uso. Pete, saa ya chuma na mkufu vibaki nyumbani. Mikono ya shati iteremshwe na vifungo vyote vifungwe, hata jua likiwa kali.

Baada ya kusema yote hayo, ieleweke kwamba nguo ni kinga ya mwisho. Kusudi lake ni kumrudisha mtu nyumbani akiwa hai, pengine na majeraha yanayotibika. Haimzuii kurushwa na kishindo. Kinga ya kwanza ni kuukata umeme mbali na mahali pa kazi.

IKITOKEA AJALI

Usimkimbilie aliyeumia kabla ya kukata umeme. Ukishindwa kuufikia, kaa mbali na uite msaada. Nguo zikiwa zinawaka, mlaze chini na umviringishe, au umfunike kwa blanketi la sufu au pamba.

Umeme ukishakatwa, tazama kama anapumua. Huenda pia alipigwa na umeme na moyo ukasimama. Anayejua kubonyeza kifua aanze mara moja.

Mwagia mahali palipoungua maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu. Hata zikipita saa moja au mbili, maji bado husaidia. Vua pete, saa na mshipi kabla mwili haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiibandue. Kata iliyo kando yake uiache hapo.

Usipake dawa ya meno, mayai, mafuta ya taa, siagi, unga wala matope. Vitu hivyo huficha joto ndani na huleta viini. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kikavu au plastiki safi ya kufungia chakula, kisha mfunike mgonjwa asipate baridi.

Mpeleke hospitalini upesi ikiwa ameungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au ikiwa eneo lililoungua linazidi viganja 10 vyake mwenyewe, kwa kuwa kiganja kimoja pamoja na vidole ni kama asilimia moja ya mwili. Sauti ikikwaruza, nywele za puani zikiwa zimeungua au makohozi yakiwa meusi, hiyo ni dharura hata kama anaonekana mzima. Mweleze daktari waziwazi kwamba ni ajali ya umeme. Kutoka Adungosi, hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Busia, lakini anayehitaji hospitali kubwa zaidi ya Kisumu ana safari ya kilomita zaidi ya 100. Dakika 20 za maji kabla ya safari hiyo zina thamani kubwa.

HAKI YA MFANYAKAZI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali pa kazi, pawe kiwanda cha sukari au kibanda cha kinu. Inamtaka mwenye kazi kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake na kuwapa mafunzo. Mfanyakazi anayeona hatari kubwa ana wajibu wa kuiripoti, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, inampa anayeumia haki ya kulipwa. Kwa ulemavu kamili wa kudumu malipo huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96.

Hata hivyo, hakuna fidia inayorudisha macho au vidole. Mwenye kinu anayesoma makala haya aweza kufanya mambo matatu kesho bila gharama kubwa. Mwite fundi mwenye leseni akatazame kama ndani ya sanduku mna fyuzi au mna waya. Sanduku lisafishwe umeme ukiwa umekatwa, na matundu yake yazibwe. Kisha mwendeshaji afunzwe kuzima injini kwanza na kusimama ubavuni, na maneno hayo yaandikwe ukutani mbele yake. Tahadhari kabla ya athari.